Mgawaji Aliyeitwa Mnyama

Rekodi ya John Mugabi inaandikwa hivi: mapambano 50, kashinda 42, kapoteza 7, sare 1. Kati ya hayo 42 aliyoshinda, 39 aliyamaliza kwa KO. Mwoneshe mpenzi wa ngumi namba hizo bila jina, atakwambia huyo alikuwa mtu wa kutisha, mtu wa kumaliza kazi mapema. Atakuwa amepatia. Lakini pambano ambalo Mugabi anastahili kukumbukwa nalo haliko kwenye zile 42. Liko kwenye zile saba.

Ninasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na utafiti wangu unahusu wasifu: jinsi maisha ya mtu yanavyogeuzwa kuwa hadithi, na nani ana haki ya kuigeuza. Wenzangu wengi wamechagua wasifu wa wanasiasa. Mimi nimejikuta narudi kwa mabondia kila wiki, kwa sababu sijaona watu wengine ambao maisha yao yanafupishwa na wengine mapema kiasi kile. Mwanasiasa husubiri kustaafu ndipo aandikiwe kitabu. Bondia huandikwa kabla hajapanda ulingoni: kwenye bango, kwenye mdomo wa promota, kwenye sauti ya mtangazaji anayemtambulisha. Akishuka, rekodi inamalizia. Yeye mwenyewe nafasi aliyobakiwa nayo ni ile dakika tatu za raundi, na hata hizo zinahitaji msomaji wa kuzisoma.

Tuanze na jina, maana ndiko tatizo lilikoanzia. Mugabi ni jina la Kibantu na halihitaji kamusi kubwa. Kwa Kiganda kugaba ni kutoa, kugawa. Mugabi ni mtoaji, mgawaji. Msemaji wa Kiswahili akitulia kidogo atalisikia neno lake mwenyewe mle ndani. Watani watasema basi jina lilimfaa, aligawa ngumi. Sawa. Ila huko Ulaya na Marekani alikofanyia kazi, hakuna aliyekuwa na haja ya kujua maana ya jina hilo. Jina lililouza tiketi lilikuwa "The Beast". Mnyama.

Sasa neno mnyama kwetu lina mambo yake. Mtanzania akisikia "Mnyama" Jumamosi jioni anajua ni Simba Sports Club, na kama ni shabiki wa Msimbazi atavimba kifua. Mama akimwambia mtu "wewe ni mnyama" hapo hakuna mpira. Amemvua utu, na katika Kiswahili huna tusi zito kuliko hilo ambalo bado unaweza kulitamka mbele ya watoto. Halafu kuna maana ya tatu, ya kwetu Nyanungu, ambako mashamba yanaishia na Hifadhi ya Serengeti inaanzia. Kule mtu akikuamsha usiku akisema mnyama ameingia, hasifu wala hatukani. Ni tembo, yuko kwenye mahindi, na usipotoka na madebe na tochi basi msimu wako umekwisha. Mnyama wa kweli hana hasira na wewe. Ana njaa, ana njia yake aliyozoea, na anajua mengi kuliko unavyodhani: anajua shamba lipi lina mlinzi na lipi halina.

Ninaeleza hivi kwa sababu jina la Mugabi lilichukua maana moja tu kati ya hizo, tena ile duni: kiumbe chenye nguvu kisicho na akili. Na ukishamwita mtu hivyo, kila anachokifanya kwa akili hakionekani.

Mtu anaweza kunipinga, na pingamizi lake ni zuri. Ngumi zote zina majina ya ovyo. Sisi wenyewe tulikuwa na Rashid Matumla tukamwita "Snake Man", tukawa na Francis Cheka wa Morogoro tukamwita "SMG", bunduki kabisa. Mwaka 1984 Mugabi alipigana na Mmarekani Frank Fletcher, ambaye jina lake la ulingoni lilikuwa "The Animal". Yaani bango lilikuwa Mnyama dhidi ya Mnyama, na Mnyama wetu akammaliza yule mwingine raundi ya nne. Kwa hiyo nani kaonewa hapo?

Nakubali nusu. Tofauti naiona kwenye kile kilichoandikwa pembeni ya jina. Fletcher alikuwa Mnyama wa Philadelphia, mji wenye historia ndefu ya ngumi, ambao msomaji wa Marekani aliujua mitaa na majumba yake ya mazoezi. Jina lake lilikaa juu ya mtu. La Mugabi lilikaa mahali ambapo mtu angepaswa kuwepo. Na tazama aliyekuja kupigana naye mwaka 1986: Marvin Hagler, ambaye mwaka 1982 alikwenda mahakamani akabadilisha jina lake kisheria ili liwe Marvelous Marvin Hagler, kwa sababu alichoka kuona watangazaji wakilisahau hilo neno la mbele. Mmoja alidai kuitwa wa Ajabu mpaka sheria ikakubali. Mwingine alipewa Mnyama, akaenda nalo.

Na huyo Mnyama alitoka wapi? Alizaliwa Kampala Machi 1960. Aprili 1979, jeshi la Tanzania lilipoingia Kampala na Idi Amin akakimbia, yeye alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 19. Kwetu Mara hiyo si habari ya vitabuni. Wanaume wengi wa Tarime walikuwa jeshini wakati wa vita vya Kagera, na mjomba wangu mmoja alifika Kampala na bado huisimulia barabara ya kuingilia kana kwamba ni ya kwenda mnadani. Huwa najiuliza kama alipishana na kijana mwembamba mwenye mfuko wa mazoezi begani. Hilo halina jibu na wala halihitaji. Nalitaja kwa sababu kabla ya ubingwa, kabla ya Las Vegas, kuna mji uliotoka vitani, na mwaka mmoja tu baadaye kijana huyo yuko Moscow kwenye Olimpiki ya 1980 anachukua medali ya fedha uzito wa welter, akishindwa fainali na Andrés Aldama wa Cuba. Michezo ile ile ndiyo iliyompa medali ya fedha Suleiman Nyambui, kijana wa Majita, Musoma, katika mbio za mita 5,000. Kwetu Nyambui husimuliwa na kijiji chake, shule yake, pumzi zake za kilimani. Mugabi, aliyesimama kwenye jukwaa la aina ile ile wiki zile zile, alitoka Moscow akaingia ngumi za kulipwa chini ya meneja Mickey Duff wa London, na tangu hapo hadithi yake ikaanza upya kana kwamba nyuma yake palikuwa na pori tupu.

Amin mwenyewe, kwa taarifa ya asiyejua, alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda kwa miaka karibu kumi akiwa askari wa Mwingereza. Ninashuku kwamba kivuli chake kilisaidia jina la Mnyama kuuzika. Katika miaka ya themanini, mtu wa Ulaya aliyesikia Uganda na ngumi katika sentensi moja alishakuwa na picha kichwani.

Kisha akapiga watu. Zaidi ya mapambano ishirini mfululizo, yote kwa KO, hakuna aliyesikia kengele ya mwisho. Aliyemsogeza mbali zaidi alikuwa James Green, raundi ya kumi. Kocha wake alikuwa George Francis, Mwingereza aliyewafundisha pia John Conteh na Cornelius Boza-Edwards, Mganda mwingine aliyekuwa bingwa wa dunia wa WBC mwaka 1981. Mtu anayefundishwa na kocha wa namna hiyo hafundishwi kurusha mikono tu. Lakini rekodi ya KO tupu ina kasoro moja kama maandishi: inaficha ufundi. Ukimaliza kazi raundi ya pili, hakuna anayeuliza ulipangaje raundi ya tisa.

Tarehe 10 Machi 1986, uwanja wa nje wa Caesars Palace, Las Vegas. Nimelitazama pambano hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kumweleza mtu anayenilipia bando. Kwanza, mazingira yake. Lilikuwa limeahirishwa kutoka mwaka uliotangulia kwa sababu ya majeraha ya Hagler. Lilikuwa pia usiku wa kwanza wa televisheni ya Showtime kurusha ngumi, kwa hiyo palihitajika hadithi rahisi. Hagler alikuwa bingwa asiyepingika wa uzito wa kati, hajapoteza kwa miaka kumi. Mugabi alikuwa akisubiri nafasi ya ubingwa kwenye uzito wa chini yake, ule unaoishia karibu kilo 70, akapewa huu wa juu. Hadithi iliyotangulia ulingoni ilikuwa kwamba Mnyama atarusha kila kitu raundi tatu za mwanzo, akikosa atakufa.

Tazama raundi hizo za mwanzo ukiwa umezima sauti. Anayemsubiri mwenzake ni Mugabi. Anatanguliza mkono wa kushoto, anaunyoosha, anaurudisha, anaunyoosha tena, ndipo mkono wa kulia unafuata. Hagler, ambaye kwa asili ni mpiga kushoto, anabadilisha mkao, anasimama kama mpiga kulia, anatafuta njia ya kuingia na haioni haraka. Ngumi za Mugabi zinafika, na zinafika kwa sababu zimepangwa. Hagler anazipokea kwa kichwa kile kigumu kinachosifiwa, lakini kupokea si kukwepa. Uso wake utabeba ushahidi mpaka mwisho.

Raundi ya sita Hagler anaufungua mlango. Hiyo ni raundi ya kutisha na sitaki kuipamba. Anampiga Mugabi mwili na kichwa, anampiga tena, na kila mtu uwanjani anajua kwamba Mnyama kaisha, kama hadithi ilivyosema. Halafu haishi. Hapa ndipo ningependa mwanafunzi yeyote wa uhakiki asimamishe picha. Mugabi anatoka kwenye mvua ile na kurudi kazini. Raundi ya saba, ya nane, ya tisa, anaendelea kubadilishana ngumi na bingwa bora wa zama zile, katika uzito usio wake, akiwa na mapafu ambayo hayajawahi kuombwa kazi ya muda huo. Anachagua. Anashika, anapumua, anazunguka, anapiga ngumi mbili pale ambapo zamani angepiga sita. Anajifunza pambano refu akiwa ndani ya pambano refu.

Raundi ya kumi na moja ilikuwa nchi asiyowahi kufika. Hagler akatua mkono wa kulia, akaurudia, na Mugabi akashuka chini taratibu karibu na kamba, akakaa. Mwamuzi Mills Lane akahesabu mpaka kumi. Hajalala, hajapoteza fahamu. Amekaa kama mtu aliyefika mwisho wa hesabu yake mwenyewe kabla ya ile ya mwamuzi.

Mtu mmoja aliyekaa karibu na ulingo usiku ule alikuwa Sugar Ray Leonard, na yeye amesimulia mara nyingi kwamba pale ndipo alipoona Hagler anapigika na akaamua kurudi kutoka kustaafu. Wakapigana Aprili 1987, Leonard akashinda kwa uamuzi wa majaji waliogawanyika, Hagler akaondoka kwenye ngumi kwa hasira na hakurudi tena. Ndiyo maana pambano la Mugabi linatajwa mpaka leo: kama sura ya utangulizi wa kitabu cha Leonard. Hagler alipofariki Machi 2021 nilisoma taazia nyingi, na katika nyingi Mugabi alikuwa kishazi, yule aliyemchosha.

Na hapo siwezi kumwacha Ayub Kalule, kwa sababu lilimpata jambo hilo hilo. Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa Havana 1974, akahamia Denmark, na Oktoba 1979 akautwaa mkanda wa WBA huko Japani kwa kumshinda Masashi Kudo. Hakuwa mtu wa KO. Alikuwa mpiga kushoto mwenye mwendo safi, anayekukata kidogo kidogo kama fundi seremala. Juni 1981, akiwa hajapoteza pambano hata moja la kulipwa, alikutana na Leonard ndani ya Astrodome, Houston, akasimamishwa raundi ya tisa. Unajua kinachokumbukwa? Leonard alipiga sarakasi. Alishinda, akajirusha hewani, akageuka, akatua kwa miguu. Picha ya bingwa wa Uganda aliyeshinda mapambano 36 ni mtu mwingine yuko hewani.

Kwa hiyo si jina peke yake. Kalule hakuitwa mnyama na bado akawa tanbihi. Hili lilinisumbua nilipoanza kuandika, maana lilikuwa linaibomoa hoja yangu. Nadhani jibu ni kwamba kuna njia mbili za kutomsoma mtu: kumpa jina linalomla, au kutompa lolote. Mugabi alipewa la kwanza na likamlipa.

Maana lilimlipa kweli, na mhakiki asiyesema hivyo anadanganya. Hapa nizungumzie kwetu. Mimi ni Mkurya. Katika miaka yangu ya chuo sijawahi kutamka hivyo mbele ya wageni bila mtu kurudi nyuma hatua moja ya utani, kuinua mikono, kuuliza panga liko wapi. Watu ni wachangamfu, hawana nia mbaya, na utani wa makabila ni mali yetu Watanzania. Sitaki kuwa mtu wa kununa. Lakini nina binamu yangu aliyeshuka Dar es Salaam akiwa na cheti cha ufundi umeme. Alikwenda kuomba kazi kwenye kampuni moja. Walipoona jina lake na mkoa wake, wakampa ulinzi wa usiku. Hawakumtukana. Walimsifu: ninyi hamna woga. Mshahara ulikuja kila mwezi, na alipeleka nyumbani mabati. Ila nyaya za jengo lile zilipoharibika aliitwa fundi kutoka nje, na binamu yangu akamfungulia geti.

Jina la ukali ni ajira. Linakufungulia mlango mmoja na kukuonesha ni upi. Ndivyo ninavyouelewa mkataba wa Mugabi na neno lile. Bila "The Beast" huenda Las Vegas isingemwita, maana fundi mwingine mtulivu kutoka Kampala alikuwa ameshakuja na hakuna aliyemkumbuka. Pamoja nalo aliitwa, akalipwa, na kazi aliyofanya usiku ule ikahesabiwa kuwa hasira.

Kwetu pia watu hupewa majina ya sifa. Mpiga litungu akimsimamisha mtu katikati ya ngoma humwita kwa baba yake, kwa ukoo wake, kwa alichokifanya na mahali alipokifanyia. Anaweza kumwita kwa jina la mnyama pia, hakuna tatizo, kwa sababu jina hilo linakuja mwisho wa orodha na waliokaa pale wanamjua mtu mwenyewe tangu alipokuwa akichunga ndama. Sifa inaongezwa juu ya mtu anayejulikana. Bango la ngumi linaanza na sifa na kuishia hapo hapo.

Wapo waandishi wakubwa waliojaribu kupita upande mwingine. Norman Mailer alikwenda Kinshasa mwaka 1974 kuandika pambano la Ali na Foreman, na katika kitabu chake *The Fight* anasoma falsafa ya Kibantu, iliyoandikwa na padri Mbelgiji Placide Tempels, ili kueleza nguvu ya mabondia wawili, mmoja wa Kentucky na mwingine wa Texas. Nilikisoma kwa kufurahia na kwa kucheka kidogo. Miaka kumi na miwili baadaye Mbantu kamili alipanda ulingoni Las Vegas, na kwa kadiri nilivyopekua hakuna aliyehitaji falsafa kumweleza. Walishakuwa na neno moja.

Siku hizi wakati umebadilika, na bondia wa Uganda aliyefuata kupata umaarufu wa namna hiyo aliitwa kinyume. Kassim Ouma alitekwa akiwa mtoto mdogo shuleni, akafanywa askari katika jeshi la msituni la NRA, akajifunza ngumi jeshini, akaenda Marekani mwaka 1998 na timu ya jeshi na hakurudi. Oktoba 2004 akamshinda Verno Phillips na kuwa bingwa wa dunia wa IBF, katika uzito ule ule wa Mugabi na Kalule. Jina lake la ulingoni ni "The Dream", Ndoto, na mwaka 2008 Kief Davidson alitoa filamu ya matukio halisi, *Kassim the Dream*, inayomfuata bingwa huyo mpaka anaporudi Uganda kutafuta msamaha wa jeshi alilolitoroka.

Ni filamu nzuri, na Ouma ni mtu wa kupendeka mno. Utani wake unaibeba. Lakini kila nikiitazama najiuliza ngumi zenyewe zimekwenda wapi. Ouma alikuwa mpiga kushoto mwenye kasi ya ajabu ya mikono, anayerusha ngumi nyingi kwa raundi kuliko karibu mtu yeyote wa uzito wake, na hakutegemea KO. Huo ni uamuzi wa kiufundi. Filamu inaugeuza kuwa dalili: anapiga kwa sababu alijeruhiwa, anakimbia kwa sababu alikimbizwa. Mnyama hakuwa na historia kabisa. Ndoto ana historia moja, na inaeleza kila kitu. Naipenda ya pili zaidi, bila shaka, nani asingeipenda. Bado hakuna kati yao aliyeulizwa alikuwa anafikiria nini raundi ya saba.

Labda ndiyo maana ushindi wa Hassan Mwakinyo kule Birmingham, Septemba 2018, ulitufurahisha kwa namna ya pekee. Kijana wa Tanga aliletwa kupigana na Sam Eggington, Mwingereza aliyekuwa nyumbani kwake, na wenyeji hawakuwa wamemwandalia jina lolote, wala la kutisha wala la kuhurumiwa. Akamsimamisha raundi ya pili. Kwa siku chache Waingereza ilibidi waanze na swali: huyu ni nani? Ni swali zuri. Nasikitika kwamba kwa kawaida halikai muda mrefu, na sisi wenyewe hatukukawia kulijaza majibu, ya sifa kwanza, ya lawama baadaye.

Nirudi kwa Mugabi, kwa sababu watu wengi humwacha pale karibu na kamba. Desemba mwaka ule ule wa 1986 alipigania mkanda wa WBC wa uzito wake halisi dhidi ya Duane Thomas. Raundi ya tatu kidole gumba cha glavu kikamwingia jichoni; akageuka, akashika uso, pambano likaishia hapo. Kulikuwa na waliosema Mnyama ameonesha woga. Mfupa wa tundu la jicho ulikuwa umevunjika na ilibidi afanyiwe upasuaji. Ukiitwa mnyama huruhusiwi hata kuumia.

Alisubiri zaidi ya miaka miwili ndipo ubingwa ukaja, na ulikuja kwa namna ambayo hakuna mtunzi wa hadithi angeikubali. Julai 1989, Ufaransa, dhidi ya René Jacquot, ambaye miezi michache kabla alikuwa ameshangaza dunia kwa kumshinda Donald Curry. Raundi ya kwanza Jacquot akateguka kifundo cha mguu, akashindwa kuendelea. Mkanda wa dunia kwa kifundo. Machi 1990 akaupeleka Tampa, Terry Norris akamwangusha raundi ya kwanza. Novemba 1991, London, akapata nafasi nyingine, mkanda wa WBO wa uzito wa kati uliokuwa wazi, na Gerald McClellan naye akammaliza raundi ya kwanza.

Kwa hiyo pambano la ubingwa aliloshinda halikumdai ufundi wowote, na lile lililomdai kila alichojua alipoteza. Rekodi inaweka alama ya ushindi kwenye kifundo cha Jacquot na alama ya kushindwa kwenye raundi kumi na moja za Hagler, na msomaji wa safu hizo mbili, akisoma alichopewa, atatoka amejua kinyume.

Baada ya McClellan alikaa kando miaka mitano. Alihamia Australia, na mwaka 1996 akarudi ulingoni huko, kwenye kumbi ambazo hazikuwa na Showtime wala Leonard kiti cha mbele. Alishinda kadhaa. Pambano la mwisho lilikuwa Januari 1999 dhidi ya Glen Kelly, akasimamishwa raundi ya nane. Alikuwa na miaka 38, na tangu Las Vegas zilikuwa zimepita karibu kumi na mitatu.